Chuo na Kengele: Mapenzi ya Kusoma Ng'ambo ya Kisiwa cha Mombasa

Katika Kimvita cha kale neno moja lilitosha kutaja kitabu na mahali pa kusomea. Neno hilo ni chuo. Mwenye vitabu alikuwa na vyuo, na mtoto aliyepelekwa kwa mwalimu kujifunza Kurani alipelekwa chuoni. Utendi wa Tambuka, ambao hati yake imetiwa tarehe inayolingana na mwaka 1728, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali, wala hapana mtu wa pwani aliyedhani kwamba Herekali alifungua shule. Mwenye elimu aliitwa mwanachuoni, na jina hilo lilimfuata mpaka uzeeni: hata akiwa na mvi alibaki kuwa mwana wa kitabu, kama kwamba usomaji ni uzazi ambao mtu hauvuki. Leo maana ya kitabu imekwisha kutoka katika neno hilo kwa wasemaji walio wengi, na chuo limebaki kuwa jengo.

Makala haya yanachunguza jinsi mapenzi ya kusoma yalivyoota kwa watoto wa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, hasa Kisauni, na kwa kiasi kidogo Changamwe na Likoni, tangu robo ya mwisho ya karne ya 19. Historia ya elimu katika Pwani ya Kenya imezoea kuhesabu shule, walimu na wanafunzi. Hesabu hizo zina faida yake, lakini hazielezi kwa nini, miongoni mwa watoto waliofundishwa herufi zile zile na mwalimu yule yule, kwa kiboko kile kile, mmoja aliacha kusoma siku alipoacha shule na mwingine akaendelea mpaka macho yalipomwishia nuru. Kujua kusoma ni ufundi. Kupenda kusoma ni jambo jingine, nalo haliachi alama nyingi katika daftari za serikali wala za misheni. Alama zake hazina budi kutafutwa kwingine, na ng'ambo ya Mombasa alama iliyo wazi kuliko zote ni kitabu kimoja kidogo kilichopigwa chapa London mwaka 1934.

Kabla ya kukifikia kitabu hicho yafaa kuanza na mtoto wa chuoni, maana kwa umri yeye ndiye mkubwa. Waswahili wa ng'ambo ni wa kale. Wajomvu wamo katika Tisa Taifa, na Wachangamwe wamo katika Thelatha Taifa pamoja na Wakilindini na Watangana. Katika makao yao mtoto alianza chuo akiwa mdogo, akaandikiwa herufi juu ya ubao kwa wino uliofutika kwa maji, akazisoma kwa sauti pamoja na wenziwe mpaka zikamkaa. Alisoma maneno ya Kiarabu ambayo maana yake hakuijua bado. Wageni wengi waliopita pwani walilidharau jambo hili, wakasema kwamba huko si kusoma bali ni kukariri. Dharau hiyo ilikuwa ya haraka. Mtoto aliyehitimu alikuwa amepata mambo mawili ambayo shule nyingi za baadaye zilishindwa kuyatoa: alijua kwamba maandishi ni kitu cha kuheshimiwa, na alijua kwamba maandishi yana sauti. Kisha hati zile zile zilimfungulia mlango wa pili, kwa kuwa Kiswahili nacho kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na tenzi zilinakiliwa kwa mkono na kupitishwa nyumba kwa nyumba. Utenzi wa Mwana Kupona, ambao mama huyo alimtungia binti yake mnamo mwaka 1858, ulipata wasomaji wake wengi miongoni mwa wanawake. Binti aliusikia kwa mamaye kabla hajaweza kuusoma mwenyewe, na alipoweza kuusoma alikuwa tayari anaujua nusu yake.

Utaratibu huu wa sikio kutangulia jicho ndio kiini cha jambo zima. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo mwaka 1840, yalikaa vinywani mwa watu wa Mombasa kwa miaka hamsini kabla Mwalimu Sikujua bin Abdallah hajayakusanya na kuyaandika pamoja na mmisionari W. E. Taylor, na yalingoja miaka hamsini mingine mpaka William Hichens alipoyatoa katika kitabu huko Johannesburg mwaka 1940. Kwa muda wote huo hakuna aliyeyakosa kwa kukosa kitabu. Aliyefungua kitabu hicho Mombasa mwaka 1940 hakuwa akitafuta jambo jipya. Alikuwa akikutana kwa macho na maneno aliyokuwa amekwisha kuyapenda kwa masikio. Si rahisi kumtia mtu mapenzi ya kusoma kwa njia iliyo bora kuliko hiyo, wala ya bei nafuu kuliko hiyo.

Upande wa Kisauni mambo yalishika njia nyingine. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ng'ambo hiyo. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi, Sheikh Ali bin Muhiddin. (Wanaopenda kutenga fasihi ya Kiislamu na ya Kikristo katika makabati mawili wangefanya vema kulikumbuka jambo hili.) Lakini kijiji cha wasomaji kilizaliwa miaka thelathini baadaye. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alilazimishwa na Waingereza kutia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi ya watumwa zilikuwa na watu wasio na kwao pa kurudishwa, na mwaka 1875 Chama cha Misheni cha CMS, chini ya William Salter Price, kilianzisha makao yao Kisauni. Makao hayo yaliitwa Frere Town kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe aliyetumwa Unguja kuudai mkataba huo. Kengele iliyowekwa hapo kuwatahadharisha watu juu ya maadui waliotaka kuwateka tena ndiyo iliyopapa mahali hapo jina linalotumika mpaka leo, Kengeleni.

Walimu wa kwanza wa huko wengi wao walikuwa wale walioitwa Waafrika wa Bombay, watu waliotekwa utotoni, wakakombolewa baharini na kulelewa Bara Hindi, katika shule ya misheni karibu na mji wa Nasik. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, walifanywa mashemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Hao walikuwa wasomaji kweli kweli, wenye Kiingereza na lugha za Kihindi pamoja na Kiswahili walichojifunza ukubwani. Wala Kengeleni haikuwa pepo. Mnamo mwaka 1881 J. R. Streeter, msimamizi wa makao, alishutumiwa kwa kuwachapa vibaya watu waliokuwa wameambiwa kwamba wako huru, hata Price akalazimika kurudi kutengeneza mambo. Mtoto aliyejifunza herufi kivulini mwa kengele ile alijifunza pia kwamba neno uhuru lina mipaka yake.

Hapa hapana budi kutua, kwa sababu hali ya mtoto huyo haikuwa na mfano wake pwani nzima. Wazazi waliokombolewa walitoka Uyao, Unyasa, Umakua na kwingineko. Hawakuwa na lugha moja isipokuwa Kiswahili, nacho walikijua kwa kuokota njiani. Watoto wao ndio waliokuwa wa kwanza katika koo zao kukinyonya Kiswahili kama lugha ya mama, na aghalabu hawakuwa na nyingine. Mtoto wa Jomvu aliweza kuhesabiwa nasaba yake na babu yake jioni barazani; mtoto wa Kengeleni alikuwa na baba, na nyuma ya baba palikuwa na bahari. Kwa mtoto wa namna hiyo kitabu hakikuwa pambo juu ya elimu aliyokuwa nayo nyumbani. Kilichukua mahali pa ukoo. Kilimpa mababu, hata kama mababu hao walikuwa Ibrahimu na Yakobo, na safari ya Waisraeli kutoka Misri haikuhitaji kufafanuliwa sana kwa watu waliokuwa na alama za minyororo miguuni.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vichache mno. Palikuwa na sehemu za Biblia kwa Kimvita, zilizokuja kukamilika kwa Agano Jipya la mwaka 1909 na Biblia nzima ya mwaka 1914; palikuwa na katekisimo na kitabu cha sala; na toka Unguja zilikuja kazi za Askofu Edward Steere na wenzake, ikiwamo Msafiri, tafsiri ya kitabu mashuhuri cha John Bunyan. Uchache huu umezoeleka kulalamikiwa kama hasara tu. Lakini msomaji mwenye vitabu vitano huvisoma mara hamsini kila kimoja, na husomewa, na huvisoma tena kwa sauti mbele ya wazee wasiojua kusoma. Hivyo huko Kengeleni sikio lilirudishiwa heshima yake ile ile ya chuoni. Jambo la kusikitisha ni kwamba watoto hawa wawili, wa chuo na wa kengele, waliokaa mwendo wa saa moja kwa miguu na kusema lugha moja, hawakuweza kusomeana barua. Mmoja aliandika Kiswahili kutoka kulia kwenda kushoto na mwingine kutoka kushoto kwenda kulia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930, kwa Kiswahili kilicho wazi na cha kuvutia, alilitoa kwa hati za Kiarabu, na wasomaji wa Kengeleni ambao wangaliweza kufaidi, au kukasirika, walikuwa vipofu mbele yake.

James Juma Mbotela alitoka katika kijiji hiki. Baba yake alikuwa mmoja wa waliotekwa na kukombolewa baharini, na habari za kutekwa huko ndizo alizozifanya kuwa uti wa kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa na Sheldon Press mwaka 1934 na kufasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1956. Wahakiki wamebishana kwa muda mrefu kama kitabu hicho ni riwaya au ni historia. Wanaosema ni riwaya wamekiita ya kwanza katika Kiswahili. Wanaosema ni historia wamekitoa katika orodha na kumpa mwingine heshima hiyo. Ubishi huo una manufaa kwa watunga orodha. Yamkini mtunzi mwenyewe hakujishughulisha nao, kwa kuwa katika mapokeo ya kusimulia aliyolelewa nayo habari ya kweli na hadithi nzuri hazikukaa vyumba mbalimbali.

Swali lenye uzito zaidi ni hili: msomaji huyu alikuwa amesoma nini, na alikuwa amekosa kusoma nini? Mwaka 1929, miaka mitano tu kabla ya kitabu chake, Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina vilikuwa vimetolewa kwa Kiswahili kwa kazi ya Frederick Johnson na wenzake. Ni tafsiri nzuri, na watoto wengi wa Afrika Mashariki walipata kwazo ladha yao ya kwanza ya kusoma kwa furaha. Lakini ndani yake Mwafrika hubeba mizigo, na bahari ni mahali pa Wazungu kutafuta hazina. Kwa habari za utumwa wenyewe, uhaba ulikuwa wa namna ya kushangaza. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alikuwa na maisha yake kwa Kiswahili yaliyopigwa chapa Berlin tangu miaka ya 1902 na 1903. Vijana waliokombolewa waliosoma Kiungani, Unguja, walikuwa wameandika habari za kutekwa kwao kwa Kiswahili, lakini A. C. Madan alizitoa mwaka 1887 kwa Kiingereza, ili zisomwe Uingereza. Kwa hiyo kwa miaka thelathini na zaidi aliyetaka kusoma habari za utumwa katika Kiswahili cha kitabu angesoma maneno ya mwenye msafara. Maneno ya waliofungwa katika msafara yalikuwa bado masikioni mwa watoto wao, Kengeleni na Rabai.

Kitabu cha Mbotela kinaeleweka vema zaidi kikitazamwa kwa upande huu. Ni kitabu cha msomaji aliyezoea tangu utoto kwamba alilolisikia huja kulikuta katika maandishi, na kwa jambo moja lililomhusu kuliko yote, yaani baba yake, hakulikuta. Wengi hufikia hapo na kuvumilia. Yeye aliandika.

Lawama zilizoelekezwa kwa kitabu hicho si za bure. Kinamtukuza Mwingereza kama mkombozi, na kinamtwika Mwarabu mzigo wa biashara ambayo masoko yake yalikuwa mengi na wanunuzi wake wa dini nyingi. Msomaji wa Kengeleni hakuambiwa na vitabu vyake kwamba Waingereza wale wale waliozuia majahazi waliuacha utumwa kuwa halali katika mahakama za Pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Waislamu wa Mombasa waliokisoma walikuwa na haki ya kuudhika. Lakini kosa la kitabu ni kosa la rafu yake: mtu huandika kwa vitabu alivyosoma, na rafu ya Mbotela ilipangwa na misheni. Kumlaumu kwa kutosoma alichofichwa ni kumdai deni la mtu mwingine. Na ikiwa shukrani zake zimezidi, ikumbukwe kwamba bila manowari ile asingalizaliwa Kisauni, na huenda asingalizaliwa kabisa.

Kwa msomaji wa ng'ambo asiye wa misheni, kikwazo kilikuwa maji. Maktaba ya umma na chumba cha kusomea cha Seif bin Salim, iliyoanzishwa mwaka 1903 na kuhesabiwa kuwa ya kwanza ya umma katika nchi ya Kenya, ilikuwa kisiwani. Ubora wake huonekana mtu akiilinganisha na maktaba ya McMillan iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, ambayo kwa miaka mingi Mwafrika aliitazama ngazi zake kwa nje tu. Mwaka 1931 ndipo pia lilipofunguliwa daraja la Nyali la kuelea, likaunganisha Kisauni na kisiwa, na daraja la kudumu likalifuata mwaka 1980. Likoni iliendelea kuvuka kwa feri. Changamwe ilikuwa na reli, na reli ilileta wafanyakazi wa bara ambao kusoma kwao kulikuwa kwa magazeti: Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, na baadaye Baraza la Nairobi, tangu mwaka 1939 mpaka 1979. Gazeti moja lilisomwa na mtu mmoja mbele ya wengi. Ofisi ya Fasihi ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1948, ilipeleka vitabu kwa posta na kwa masanduku, na kazi hiyo ikarithiwa nchini Kenya na Shirika la Maktaba la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1965.

Kengeleni yenyewe ilipungua. Chuo cha dini kilichoanza hapo mwaka 1903 kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na wasomaji wengi walifuata kazi Nairobi na kwingineko. Mwana wa James Mbotela, Tom, aliingia katika siasa akawa makamu wa rais wa chama cha KAU, akauawa Nairobi mwaka 1952. Wa kizazi cha baadaye katika ukoo huo huo, Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa mwaka 1940 na kufariki mwaka 2025, aliingia Sauti ya Kenya mwaka 1964, na kwa sauti yake taifa zima likasomewa habari. Huko kusoma kulirudi mahali kulikoanzia, kwa mmoja mwenye maandishi na wengi wenye masikio. Tarehe 1 Agosti 1982 askari walioasi walimchukua kwa nguvu wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba katika nchi hii sauti ya msomaji ilikuwa na thamani ya kituo kizima cha redio.

Kipindi chake kilichodumu kwa zaidi ya miaka hamsini kilikuwa kikikosoa tabia mbovu za watu, nacho kilianza mwaka 1966 kwa jina la Je, Huu ni Uungwana? Wasikilizaji wengi wa bara walilifahamu neno hilo kwa maana ya adabu njema, na ndivyo kamusi zinavyolieleza sasa. Katika Mombasa ya baba yake James Mbotela mwungwana alikuwa mtu asiyekuwa mtumwa wala mtoto wa mtumwa, na mtu wa Kengeleni, hata angesoma vitabu vingapi, hakuhesabiwa miongoni mwao.